Mtandao wa mashine pepe ukizorota: soma namba kabla ya kugusa mipangilio

Mhasibu wa ofisi moja ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam alinipigia simu Jumatatu asubuhi. "Fundi, hii seva mpya mbona nzito kuliko ile kuukuu?" Seva yenyewe ilikuwa na wiki mbili tu: kompyuta moja yenye Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya kompyuta halisi), na ndani yake mashine pepe tatu. Ya kwanza ilikuwa Windows Server ya mahesabu, ya pili Linux ya kuhifadhi faili, ya tatu ya majaribio. Faili la megabaiti 700 lilikuwa linamaliza dakika nzima kufika mezani kwake.

Nilifika na begi langu, nikafanya kile tunachokifanya mafundi wengi: nikaanza kugusa. Nikaongeza prosesa. Nikabadilisha aina ya kadi. Nikazima hiki, nikawasha kile. Saa tatu zikapita, faili bado linachukua dakika ileile, na mimi sikumbuki tena nimebadilisha nini.

Kosa lilikuwa kwenye kebo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa mbele yangu tangu simu ya kwanza: megabaiti 700 kwa dakika moja ni megabaiti 11 na ushee kwa sekunde, na namba hiyo, kwa anayeifahamu, ina maana moja karibu kila mara. Tangu siku ile naanza kazi za aina hii kwa kalamu na karatasi. Utaratibu ninaoufuata ndio huu.

Kabla ya kushika kibodi

Uliza maswali matatu. Ni nani anayeona uzito: wote, au mtu mmoja? Uzito uko kuelekea wapi: kati ya kompyuta za ofisini, au kwenda intaneti? Na umeanza lini: tangu mashine ijengwe, au baada ya tukio fulani, kama kusasisha mfumo, kuhamisha meza, kukatika umeme?

Kisha chora njia. Data inayotoka ndani ya mashine pepe hupita kwenye kadi pepe ya mtandao, ikaingia kwenye daraja au swichi ya ndani ya mwenyeji, yaani ile kompyuta inayobeba mashine zote. Kutoka hapo inapita kwenye kadi halisi ya mwenyeji, kebo, swichi ya ukutani, ruta, laini ya mtoa huduma, mpaka kule iendako. Mgeni, kwa maana ya mashine pepe, analaumiwa kwa sababu ndiye anayeonekana. Lakini njia ina vipande saba au vinane, na mgeni anamiliki kimoja tu.

Hatua ya 1: Iondoe diski kwenye kesi

Kunakili faili si kipimo cha mtandao. Faili husomwa kwenye diski ya upande mmoja na kuandikwa kwenye diski ya upande wa pili, na njiani hukaguliwa na kizuia virusi. Diski moja ya kuzunguka inayogawanywa na mashine pepe tatu inaweza kushuka hadi megabaiti chache kwa sekunde, mtandao ukiwa mzima kabisa. Folda yenye picha ndogo elfu ishirini nayo itakwenda taratibu popote pale, kwa sababu kila faili lina salamu zake za kufunguliwa na kufungwa.

Chombo cha kutumia ni iperf3, ambacho hutuma data kutoka kumbukumbu hadi kumbukumbu bila kugusa diski. Upande mmoja unasikiliza:

`iperf3 -s`

Upande wa pili unatuma, kwa sekunde 30, kisha unageuza mwelekeo:

`iperf3 -c 192.168.1.20 -t 30`
`iperf3 -c 192.168.1.20 -t 30 -R`

Ile `-R` usiisahau. Nimekutana na mashine zinazotuma vizuri na kupokea vibaya. Ukipima upande mmoja tu utaandika kwamba kila kitu ni shwari. Kumbuka pia kufungua poti 5201 kwenye faiawali ya upande unaosikiliza.

Kwa mashine za Windows, jua kwamba Windows haimo kati ya mifumo ambayo watengenezaji wa iperf3 wanaitunza rasmi, na matokeo yake huko yanaweza kuwa ya chini kuliko hali halisi. Microsoft wana chombo chao, ntttcp. Mimi hupendelea njia ya mkato: natengeneza mashine pepe ndogo ya Linux kwenye mwenyeji yuleyule, daraja lilelile, kisha napima kutoka humo. Ikiwa Linux inakwenda kasi na Windows haiendi, tatizo liko ndani ya Windows au kadi yake pepe, na nimeshapunguza kazi nusu.

Hatua ya 2: Pima kipande kwa kipande

Vipimo vinne vinatosha kuanzia. Viandike vyote, pamoja na saa.

Cha kwanza, mashine pepe kwa mashine pepe ndani ya mwenyeji mmoja. Hapa data haigusi kebo yoyote. Inapita kwenye kumbukumbu na prosesa ya mwenyeji tu. Kwa kadi pepe nzuri utaona gigabiti nyingi kwa sekunde, mara nyingi zaidi ya 10, hata kama kadi halisi ya seva ni ya gigabiti 1.

Cha pili, mashine pepe kwa mwenyeji wake.

Cha tatu, mwenyeji kwa kompyuta nyingine ya ofisini, bila kuihusisha mashine pepe kabisa. Hiki ndicho nilichokiruka siku ile.

Cha nne, mashine pepe kwa kompyuta hiyohiyo ya ofisini.

Ikiwa cha tatu na cha nne vinafanana na vyote ni vibaya, waache wageni wapumzike. Shida iko kwenye kadi halisi, kebo au swichi. Ikiwa cha tatu ni kizuri na cha nne ni kibaya, basi ndipo uingie ndani ya mashine pepe. Ikiwa vyote vinne ni vizuri na watu bado wanalalamika, angalia ruta, DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani za IP), laini ya mtoa huduma, au programu yenyewe.

Mtumaji mmoja asipoijaza laini ya kasi kubwa, jaribu mikondo minne kwa pamoja, `-P 4`. Mmoja akitoa megabiti 200 na minne ikatoa 800, uwezo wa njia upo, ila mkondo mmoja unabanwa na kitu fulani: dirisha la TCP (kiasi cha data kinachotumwa kabla ya kungoja jibu), umbali, au pakiti zinazopotea. Jihadhari na jambo dogo: iperf3 ya kabla ya toleo 3.16 inaendesha mikondo yote kwenye prosesa moja, kwa hiyo kwenye laini za gigabiti 10 na kuendelea unaweza kuwa unaipima prosesa badala ya mtandao.

Hatua ya 3: Tambua sura ya namba

Hapa ndipo pa kukaa. Matatizo mengi ya mtandao huacha namba zinazojirudia, na ukizizoea utalijua tatizo hata kabla hujafika kwa mteja.

*941.* Ukiona megabiti 940 na kidogo kwa sekunde kwenye laini ya gigabiti 1, funga kompyuta uende nyumbani. Hakuna zaidi. Kila fremu iliyojaa hutumia baiti 1,538 kwenye waya ukihesabu vichwa vyote na nafasi kati ya fremu, na ndani yake data yako ni baiti 1,448. Gawanya, utapata asilimia 94. Anayetaka zaidi anunue kadi na swichi za kasi zaidi.

*94, au megabaiti 11 na ushee kwa sekunde.* Hesabu ileile (baiti moja ni biti nane), ila laini imeshuka na kuwa ya megabiti 100. Sababu ya kawaida ni kebo. Gigabiti huhitaji jozi zote nne za nyaya; megabiti 100 hutosheka na jozi mbili. Waya mmoja ukikatika au ukikrimpiwa vibaya, vifaa vya pande mbili vinakubaliana kimyakimya kushuka, na taa ya swichi inaendelea kuwaka kama kawaida. Kwa mhasibu wangu, mguu wa kabati ulikuwa umeikalia kebo pale walipohamisha samani. Amri iliyonionyesha ilikuwa hii, kwenye mwenyeji:

`ethtool eno1 | grep -E 'Speed|Duplex'`

Ilijibu 100Mb/s. Tulibadilisha kebo ya mita tano, kazi ya dakika mbili. Nilimdai nauli tu.

Na jambo moja la kukumbuka hapa: ukiendesha ethtool hiyo *ndani* ya mashine pepe, usiamini kasi inayotajwa. Kadi ya virtio kwa kawaida husema haijulikani, e1000 husema gigabiti 1, VMXNET3 ya VMware husema gigabiti 10. Ni mapambo. Hakuna waya unaopimwa hapo.

*Sekunde 5 kamili kabla ya kitu kufunguka, kisha mbio.* Hiyo ni DNS. Mfumo wa Linux humsubiri mjibu majina wa kwanza kwa sekunde 5 ndipo umjaribu wa pili. Kwa hiyo ikiwa `/etc/resolv.conf` ya mashine pepe inataja kwanza anwani ya ruta mliyoibadilisha mwaka jana, kila ukurasa utaanza kwa kigugumizi. SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inayochelewa kuuliza nywila, kisha ikishaingia inakwenda vizuri, ina ugonjwa wa ukoo huohuo. Thibitisha hivi:

`dig example.com @192.168.1.1`

Mstari wa Query time ukionyesha milisekunde 20, DNS haina kosa. Ukiona muda umekwisha bila jibu, mtuhumiwa umempata.

*Kasi nzuri kwa vitu vidogo, kisha kimya kwa vikubwa.* Ping inajibu, SSH inaingia, lakini ukitoa amri yenye majibu marefu skrini inaganda. Hii ni MTU, nitaifikia.

*Kasi iliyolala mahali pamoja, mfano 80 kamili, mchana na usiku.* Kuna mtu ameweka kikomo. Kwenye Proxmox tazama kama mstari wa kadi una neno `rate`. Wengi hunaswa hapa: namba ya rate ni megabaiti kwa sekunde, si megabiti, kwa hiyo `rate=10` ni megabiti 80. Kwenye seva za kukodi mawinguni, kikomo huwa kimeandikwa kwenye aina ya mashine uliyolipia, na hakuna mpangilio wa ndani ya mashine (sysctl) utakaokiondoa.

*Kasi inayopanda na kushuka kama bahari.* Asubuhi 900, saa sita 150, jioni 900. Mwenyeji amezidiwa, au kuna mgeni mwingine anafanya hifadhi rudufu wakati watu wako kazini.

Hatua ya 4: Kadi pepe ya aina gani?

Ikiwa kipimo cha kwanza au cha pili kimetoka vibaya, anzia hapa.

Kadi pepe ziko za namna mbili. Namna ya kwanza inaigiza kadi ya kweli iliyowahi kuuzwa dukani. Ile e1000 inaigiza kadi ya Intel ya miaka ya mwanzoni ya 2000, na rtl8139 inaigiza kadi ya Realtek ya megabiti 100. Faida ni kwamba mfumo wowote, hata wa zamani, unaitambua bila draiva ya ziada. Hasara ni kwamba mwenyeji anaigiza kila kitendo cha kadi ile, na maigizo hayo yanakula prosesa. Namna ya pili haiigizi chochote: mgeni anajua kwamba ni mgeni, na anaongea na mwenyeji moja kwa moja kupitia foleni zilizo kwenye kumbukumbu. Kwa KVM (mfumo wa mashine pepe wa Linux, ambao Proxmox huutumia) hiyo ni virtio, kwa VMware ni VMXNET3.

Kwenye Proxmox angalia hivi, 101 ikiwa namba ya mashine:

`qm config 101 | grep net0`
`net0: e1000=BC:24:11:3A:7F:02,bridge=vmbr0,firewall=1`

Kubadilisha, mashine ikiwa imezimwa:

`qm set 101 --net0 virtio=BC:24:11:3A:7F:02,bridge=vmbr0,firewall=1`

Rudisha anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi) ileile. Ukiiacha wazi, Proxmox itatunga mpya. Ruta itampa mgeni anwani nyingine ya IP, na leseni za baadhi ya programu za mahesabu, zinazofungwa kwenye MAC, zitagoma. Kwa wanaotumia libvirt, ni ule mstari wa `<model type='virtio'/>` ndani ya maelezo ya kadi.

Linux ina draiva ya virtio ndani ya keneli (kiini cha mfumo) tangu 2008, kwa hiyo itaamka na kuendelea, ingawa jina la kadi linaweza kubadilika na kuacha mipangilio ya IP ikining'inia. Windows haina. Weka kwanza draiva kutoka diski ya virtio-win, folda ya NetKVM, *ndipo* ubadilishe kadi. La sivyo utaamka na seva isiyo na mtandao, na kama uko mbali nayo umejifungia nje. Baada ya kubadilisha, Windows inaweza kulalamika kwamba IP unayoiandika tayari ni ya kadi nyingine. Ni kadi ya zamani iliyofichika. Fungua Device Manager, onyesha vifaa vilivyofichwa, ifute.

Kwa VMware ni vivyo hivyo: ondoa E1000, weka VMXNET3, na hakikisha VMware Tools ipo, au open-vm-tools kwa Linux.

Wale wa VirtualBox kwenye laptopu zao, maneno machache tu. Mtandao wa NAT, unaompa mgeni 10.0.2.15, ni rahisi lakini kila pakiti inapita ndani ya programu ya VirtualBox yenyewe. Ukitaka kasi, tumia daraja na kadi ya virtio. Ila daraja juu ya Wi-Fi lina visirani vyake, kwa sababu vituo vya Wi-Fi hutarajia MAC moja kwa kila kifaa, na VirtualBox hulazimika kuzibadilisha njiani. Chomeka kebo ikiwezekana. Na ikiwa shida ni majina kuchelewa tu, jaribu:

`VBoxManage modifyvm "jina-la-mashine" --natdnshostresolver1 on`

Hatua ya 5: Prosesa imechoka?

Kila pakiti ya mashine pepe inabebwa na prosesa ya mtu. Ndani ya mgeni wa Linux fungua `top` utazame herufi `st`. Hiyo ni asilimia ya muda ambao mgeni alikuwa tayari kufanya kazi lakini mwenyeji akampa prosesa mgeni mwingine. Sifuri ni heri. Ikikaa kwenye 10 na zaidi wakati watu wanalalamika, usihangaike na mtandao. Mwenyeji amealika wageni wengi kuliko vyumba vyake.

Dawa inayokuja haraka kichwani ni kumwongezea mgeni prosesa pepe. Kwenye mwenyeji aliyezidiwa, dawa hiyo huweza kuongeza ugonjwa, maana sasa kuna wengi zaidi wanaogombea viini vilevile. Punguza kwanza. Mashine ya majaribio ya wateja wangu wale ilikuwa na prosesa nane na haikuwa na kazi hata moja.

Kwenye mwenyeji wa KVM tazama pia nyuzi za keneli zenye jina linaloanza na `vhost-`. Mmoja akiwa kwenye asilimia 100 huku wengine wamelala, kadi ya mgeni huyo ina foleni moja na foleni hiyo imejaa. Ongeza foleni: kwenye Proxmox weka `queues=4` kwenye mstari wa kadi, na ndani ya mgeni:

`ethtool -L ens18 combined 4`

Foleni zisizidi idadi ya prosesa za mgeni. Na kwa seva ya ofisi ya watu kumi kwenye laini ya gigabiti 1, hatua hii huwa haihitajiki kabisa. Nimeitaja kwa ajili ya wenye laini za 10 na kuendelea.

Hatua ya 6: MTU, mzigo uliozidi mlango

MTU ni ukubwa wa juu wa pakiti inayopita bila kukatwa. Ethaneti ya kawaida ni 1500. Lakini njiani kuna wanaojiongezea vichwa vyao: laini za PPPoE za watoa huduma hubakiza 1492, VPN ya WireGuard kwa kawaida hutumia 1420, mitandao pepe ya VXLAN hula baiti 50 na kubakiza 1450. Mashine pepe iliyo juu ya VXLAN ikidhani ina 1500, pakiti ndogo zitapita na kubwa zitaangukia njiani. Ujumbe wa kumwonya mtumaji huja kwa ICMP, itifaki ileile inayotumiwa na ping, na faiawali nyingi huzuia ICMP yote kwa dhana ya usalama. Hapo ndipo skrini inaganda bila hitilafu yoyote kuandikwa popote.

Pima kutoka Linux:

`ping -M do -s 1472 192.168.1.20`

Kutoka Windows:

`ping -f -l 1472 192.168.1.20`

Ile 1472 ukiijumlisha na baiti 28 za vichwa inakuwa 1500. Ikigoma, shuka: 1464, 1422, 1392, mpaka ipite, kisha ongeza 28 upate MTU ya kweli ya njia. Iweke kwenye kadi ya mgeni. Kama wageni ni wengi na wote wanatoka kupitia ruta moja ya Linux, kazi moja kwenye ruta inatosha:

`iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu`

Kuhusu pakiti kubwa za 9000, ushauri wangu ni mfupi: ziache, isipokuwa una mtandao wa pekee wa hifadhi ambao kila kifaa chake unakidhibiti wewe. Swichi moja iliyosahauliwa itakupotezea siku nzima.

Hatua ya 7: Kazi zilizokabidhiwa kadi

Kadi za kisasa hupokea kutoka kwenye prosesa kazi za kukata data vipande, kuviunga na kukokotoa hesabu za uhakiki. Utaziona kwa `ethtool -k eno1`. Kwa kawaida ziache zikiwa zimewashwa, kwa sababu ndizo zinazoleta kasi. Utakuta ushauri mwingi wa "zima zote", na wengi wanaoutoa hawapimi baada ya kuzima. Kuna mahali patatu tu ninapozigusa.

Kwanza, LRO kwenye kadi ya mwenyeji inayobeba daraja. Inaunganisha pakiti zinazoingia kwa namna isiyofaa pakiti zinazopaswa kupelekwa mbele kwa mwingine, na mgeni huishia kupokea kwa kasi ya kobe huku akituma vizuri.

Pili, kompyuta ndogo za mezani zinazogeuzwa seva, na maofisi yetu yamejaa hizo. Zenye kadi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e wakati mwingine huandika `Detected Hardware Unit Hang` kwenye `dmesg` mzigo ukiwa mkubwa, mtandao unakatika sekunde kadhaa na kurudi. Hii husaidia:

`ethtool -K eno1 tso off gso off`

Tatu, Hyper-V ya Windows Server 2012 kwenye kadi za Broadcom za gigabiti 1. Microsoft wenyewe walieleza tatizo la VMQ (foleni ambazo kadi huwatengea wageni) kwenye kadi hizo, ambapo mwenyeji anakwenda vizuri na wageni wanatambaa. Sasisha draiva, au zima VMQ kwenye kadi hizo. Kwenye laini ya gigabiti 1 huna unachopoteza.

Halafu, usishtuke ukifungua tcpdump, chombo cha kunasa pakiti, kwenye mashine inayotuma ukaona kila pakiti imeandikwa kwamba hesabu yake ya uhakiki si sahihi. tcpdump imeiona pakiti kabla kadi haijaandika hesabu. Niliwahi kupoteza nusu siku nikifukuza kivuli hicho.

Hatua ya 8: Shida ikiwa ng'ambo

Mara nyingine ofisini kila kipimo ni 941, lakini mashine pepe iliyokodiwa Frankfurt au London inashusha kama tone la bomba bovu. Umbali una hesabu yake. TCP hutuma kiasi fulani cha data kisha inangoja mpokeaji akiri kwamba imefika. Kiasi hicho ndicho dirisha. Tuseme pakiti kwenda na kurudi ni milisekunde 160. Dirisha la baiti 65,535, ambalo ndilo la juu kabisa endapo kifaa fulani njiani kimeua nyongeza ya dirisha, litakupa megabiti 3.3 tu kwa sekunde, hata kama umelipia 100. Ili kuijaza ile 100 unahitaji megabaiti 2 zikiwa njiani kwa wakati mmoja.

Linux ya leo huongeza dirisha yenyewe hadi megabaiti kadhaa za kupokea, kwa hiyo mara nyingi huhitaji kugusa. Kinachoua kasi ya mbali ni pakiti kupotea: CUBIC, ambayo ndiyo kanuni ya kawaida ya Linux, inasoma kila pakiti iliyopotea kama ishara ya msongamano na kupunguza mwendo, na kwa safari ndefu inachukua muda kupanda tena. Hapo kanuni ya BBR, iliyoingia kwenye keneli 4.9, inafaa kujaribiwa upande wa *anayetuma*:

`sysctl -w net.core.default_qdisc=fq`
`sysctl -w net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr`

Pima kabla, pima baada. Isipoleta tofauti, rudisha ilivyokuwa.

Kabla ya kumlaumu yeyote, pima seva iliyo karibu, ndani ya nchi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mashine pepe zilizokaa Dar es Salaam na Nairobi ziliendelea kuongea na wateja wa karibu, huku zile zilizotegemea ng'ambo zikihema. Fundi aliyekuwa anabadilisha kadi pepe siku ile alikuwa anatibu mguu wa mtu mwenye homa.

Kwa njia ndefu tumia mtr, chombo kinachopima kila ruta iliyo njiani, pakiti mia moja:

`mtr -rwc 100 anwani-ya-seva`

Isome kuanzia chini. Upotevu unaoonekana kwenye ruta ya katikati peke yake, kisha mistari inayofuata ikawa safi, hauna maana. Ruta nyingi huchelewa kujibu ping kwa sababu zina kazi nyingine. Upotevu unaoanzia mstari fulani na kuendelea mpaka wa mwisho ndio wa kweli. Endesha mtr pia kutoka upande wa pili kuja kwako, kwa sababu njia ya kurudi si lazima iwe ile ya kwenda.

Ukimwandikia mtoa huduma, usiandike "intaneti ni slow". Mpe mtr za pande mbili, saa ulizopimia, matokeo ya iperf3 ya mkondo mmoja na ya minne, na kipimo cha ndani kinachoonyesha 941. Ukimpelekea hivyo, mtu wa zamu hatakuwa na nafasi ya kukuambia uzime ruta na kuiwasha tena.